Kadi ya Sauti ya Zamani Kwenye Linux: Kutoka Sloti ya PCI Hadi Kaseti ya Taarabu

Geuza kompyuta mpya utazame nyuma yake. Nyingi hazina tena tundu la bluu, lile lililokuwa likipokea sauti ya stirio kutoka kwa deki ya kaseti au santuri. Kwenye laptopu limebaki tundu moja tu la hedifoni na maiki, na kwa kawaida upande wa maiki hupokea chaneli moja, tena umekusudiwa sauti dhaifu kuliko ile inayotoka kwenye deki. Kadi ya PCI, yaani ile inayochomekwa kwenye sloti ndani ya kompyuta ya mezani, ya mwaka 1998 inalo tundu hilo la bluu, na inalitumia vizuri.

Kwa Mombasa jambo hili lina uzito. Nyumba nyingi za Kibokoni, Majengo na Likoni bado zina makasha ya kaseti: taarabu ya Juma Bhalo, aliyefariki 2014, udi wa Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, maulidi, khutba, na harusi zilizorekodiwa ukumbini na mtu wa familia, ambazo nakala yake ni hiyo hiyo moja. Utepe wa kaseti hauvumilii joto na unyevu wa pwani. Kadi kongwe iliyotupwa kwenye droo la fundi inaweza kuokoa sauti hizo bila kununua kifaa kipya.

Linux inafaa kazi hii kwa sababu draiva za kadi hizi, yaani programu ndogo zinazoziendesha, zimo ndani ya keneli yenyewe, kiini cha mfumo. Mfumo wa sauti wa ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, uliingia rasmi kwenye keneli 2.6 mwezi Desemba 2003, ukachukua nafasi ya OSS, mfumo wa sauti uliotangulia. Kadi ambazo watengenezaji wake waliacha kitambo kuziandikia draiva za Windows bado zinaamka kwenye keneli ya leo.

Nitakalosisitiza mwongozo mzima ni mpangilio. Sauti hupita ngazi nne: kadi yenyewe, draiva, miksa (vidhibiti vya kupandisha na kufunga sauti), kisha seva ya sauti inayohudumia programu. Anza chini, kisha upande kwenda juu. Watu wengi huanzia juu. Video ikicheza kimya wanafuta programu, wanasakinisha upya mfumo mzima, kumbe mstari mmoja wa miksa umefungwa.

Itambue kadi kabla ya kuichomeka

Jina lililoandikwa kwenye boksi halikusaidii sana. Tazama chipu kubwa iliyo katikati ya kadi usome maandishi yake. Sound Blaster Live! ya 1998 ina chipu EMU10K1, na draiva yake ni snd-emu10k1. Audigy ya 2001 inatumia draiva hiyo hiyo. Lakini ipo Live! iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Dell yenye chipu EMU10K1X, na hiyo inataka snd-emu10k1x. Ipo pia Live! 24-bit yenye chipu CA0106, inayotaka snd-ca0106. Kwa jina ni ndugu, kwa ndani hazihusiani.

Kadi za bei nafuu zilizojaa zamani ni za C-Media CMI8738, draiva snd-cmipci. Sound Blaster PCI 128 nyingi zina chipu ya Ensoniq ES1371 au ndugu yake CT5880, na zote mbili huendeshwa na snd-ens1371. Ukibahatika kupata M-Audio Delta yenye chipu ICE1712, draiva snd-ice1712, ishike: ilitengenezwa kwa kazi ya studio.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya hizi kwa kazi ya kaseti, na Delta haipo, chagua Live! au Audigy. Chipu yake huchanganya sauti za programu kadhaa yenyewe, bila kuibebesha kompyuta mzigo, na draiva yake imetumiwa na watu wengi kwa miaka mingi.

Angalia pia umbo la sloti. PCI ya zamani ni ndefu na kwa kawaida nyeupe. PCIe ni nyingine kabisa, na kadi ya PCI haiingii humo hata ukiisukuma. Kompyuta za mitumba za ofisini za enzi za Core 2 Duo mara nyingi zina sloti zote mbili, na ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii. Vipo vibadilishi vya kutoka PCIe kwenda PCI, ila vingine vina chipu ASM1083, inayojulikana kwa kuvuruga mawasiliano ya kadi na keneli hadi sauti ikatike. Mimi ningetafuta kompyuta yenye sloti halisi.

Usafi na uchomekaji

Hapa pwani hatua hii haifai kurukwa. Hewa ya chumvi hula pini za shaba, na kadi iliyokaa karibu na dirisha la Mji wa Kale hupata ukungu wa kijani kwenye ukingo wake. Pini hizo zimepakwa dhahabu nyembamba mno, basi usitumie msasa wala kisu. Chukua ufutio mweupe wa penseli, pitisha taratibu kwa mwelekeo mmoja, kisha pangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti kidogo kutoka duka la dawa. Acha ikauke kabisa. Ndani ya sloti pulizia hewa au tumia brashi laini iliyo kavu.

Tazama kapasita, yaani vile vikopo vidogo vya duara. Kikiwa kimevimba kichwani au kimevuja majimaji, mpelekee fundi wa kulehemu abadilishe kabla hujawasha kitu.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Unyevu wetu hupunguza umeme tuli lakini hauuondoi. Ingiza kadi wima, sukuma kwa usawa kichwani na mkiani hadi pini zote zizame, kisha ifunge kwa skrubu. Skrubu hiyo ina kazi: bila yake, kila ukichomeka waya nyuma, kadi huinuka upande mmoja.

Kama ubao mama una sauti yake ya ndani na kompyuta hii ni ya kurekodia tu, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya mfumo kuwaka) uizime. Tafuta mstari wenye jina AC97 au HD Audio. Kama unaihitaji, iache. Nitaeleza mbele jinsi ya kuzipanga zote mbili.

Toleo gani la Linux

Kwa kompyuta ya biti 64, Debian 12 au 13 au Linux Mint zinatosha. Kwa Pentium III au Pentium 4 za mwanzo unahitaji biti 32. Debian 12 bado ina kisakinishi chake, lakini Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena. Ukishasakinisha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uweke zana:

`sudo apt install alsa-utils pciutils flac`

Je, Linux inaiona kadi?

Andika:

`lspci -nnk | grep -i -A3 audio`

Utapata mstari wenye jina la chipu na namba mbili ndani ya mabano ya mraba. 1102:0002 ni Live! ya kawaida, 1102:0004 ni Audigy, 1102:0006 ni ile ya Dell, 1102:0007 ni CA0106, 1274:1371 ni Ensoniq, 13f6:0111 ni CMI8738. Amini namba hizi kuliko boksi, na hata kuliko mtu aliyekuuzia.

Kadi isipoonekana hapa, hakuna amri yoyote ya Linux itakayoileta. Rudi kwenye sloti: chomoa, safisha tena, jaribu sloti nyingine, ijaribu kadi kwenye kompyuta nyingine. Ikikataa kila mahali, imekufa.

Ikionekana, tazama mstari wa chini yake unaoanza na "Kernel driver in use". Kukiwa na snd_emu10k1 au jina la draiva ya kadi yako, umeshavuka ngazi ya pili. Mstari huo ukikosekana, ita draiva kwa mkono na usome keneli inasemaje:

`sudo modprobe snd-emu10k1`

`sudo dmesg | tail -20`

Ikilalamika kwamba faili la fimwea (programu ya ndani ya chipu) halipo, kadi yako ni miongoni mwa zile zinazohitaji faili hilo kila zinapowashwa, kama vile za Yamaha YMF724. Live! haihitaji. Ikikaa kimya bila kosa, hakikisha:

`cat /proc/asound/cards`

Kila kadi ina namba kuanzia 0. Iandike namba ya kadi yako mahali, kwa maana amri zote zinazofuata zinaitegemea. Hapa chini nimechukulia ni 0.

Miksa, mahali ambapo kazi nyingi hukwama

Nikiletewa kompyuta yenye kadi inayoonekana, draiva ipo, na bado ni bubu, nafungua miksa kabla ya kuuliza swali lolote:

`alsamixer -c 0`

Utaona safu za vipimo. Chini ya kila safu kuna kisanduku kidogo. Kikiwa na MM, safu hiyo imenyamazishwa. Kikiwa na 00, iko wazi. Sogea kwa mishale ya kushoto na kulia, bonyeza M kufungua au kufunga, na tumia mishale ya juu na chini kupandisha au kushusha. ALSA ilizoea kuacha kadi zikiwa zimefungwa zinapowashwa mara ya kwanza, ili mtu asipigwe na kelele ya ghafla kwenye spika, na kadi kongwe bado hukutana na hali hiyo.

Fungua Master na PCM, uzipandishe hadi kama 80. Kwenye Live! na Audigy kuna pia Wave na Front, na moja ikibaki sifuri basi sauti yote hufia hapo, hata zote nyingine zikiwa juu. Usipandishe kila kitu hadi 100. Sauti itapasuka na utadhani kadi ni mbovu.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hili limewafanya watu watupe kadi nzima iliyo salama. Endelea kulia hadi mwisho wa orodha. Live! ina swichi iitwayo "SB Live Analog/Digital Output Jack", na kwenye Audigy jina linaanza na Audigy. Swichi hiyo ikiwa wazi, tundu hutoa ishara ya kidijitali, na spika za kawaida hazisikii chochote. Bonyeza M hadi ionyeshe MM. Hii ni safu moja ambayo kuifunga ndiko kunakoleta sauti, kinyume cha zote nyingine, na ndiyo maana watu huipita.

Kagua na waya wenyewe. Kwenye kadi zinazofuata rangi za kawaida, kijani ni ya spika, waridi ya maiki, bluu ya kuingiza sauti kutoka deki, nyeusi ya spika za nyuma. Kadi za kabla ya rangi hizo zina alama ndogo zilizochongwa kwenye bati. Zimulike kwa tochi ya simu. Spika za kompyuta nazo ziwe zimewashwa na zina umeme wake.

Toka kwa Esc, kisha hifadhi:

`sudo alsactl store`

Mpangilio huandikwa kwenye /var/lib/alsa/asound.state na kurudishwa kila kompyuta inapowaka.

Jaribu moja kwa moja, bila programu kati

`speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav`

Sauti ya mtu itataja kushoto, kisha kulia. Simamisha kwa Ctrl na C. Ukiisikia, kadi, draiva na miksa vyote viko sawa, na tatizo lolote litakalobaki liko kwenye seva ya sauti. Ukipata upande mmoja tu, gusagusa kichwa cha waya kabla ya kuilaumu kadi.

Jibu likiwa "Device or resource busy", programu nyingine imeishika kadi. Itafute:

`fuser -v /dev/snd/*`

Jibu likiwa kwamba huruhusiwi, jiongeze kwenye kundi la audio, kisha toka na uingie upya kwenye akaunti:

`sudo usermod -aG audio $USER`

Kupanga kadi mbili na kuielekeza seva

Kompyuta yenye sauti ya ndani, HDMI na kamera ya USB inaweza kukipa namba 0 kifaa usichokitaka, na namba zikabadilika kila ukiwasha. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf, uandike:

`options snd_emu10k1 index=0`

`options snd_hda_intel index=1,2`

Mstari wa pili una namba mbili kwa sababu HDMI na sauti ya ndani mara nyingi hushirikiana draiva moja. Washa kompyuta upya, utazame tena /proc/asound/cards.

Hiyo ni kwa ALSA. Juu yake, mifumo mingi ya leo inatumia seva ya sauti ya PipeWire, ambayo Fedora iliiweka kuwa ya kawaida mwaka 2021 na wengine wakafuata. Andika:

`wpctl status`

Tafuta kadi yako kwenye orodha ya vifaa vya kutolea sauti, chukua namba yake, mfano 52, kisha:

`wpctl set-default 52`

Kadi zenye matundu mengi kama Live! wakati mwingine huwekwa kwenye hali ya spika nne au sita, na muziki ukasikika mwembamba kana kwamba mwimbaji yuko chumba cha pili. Sakinisha pavucontrol, fungua ukurasa wake wa mwisho, uchague hali ya stirio inayotoa na kupokea.

Ukiwa na kadi ya ISA

Sound Blaster 16 ya 1992 na AWE64 ya 1996 ni za sloti ya ISA, ile nyeusi ndefu ya bao za zamani kabisa. Jambo la kwanza: keneli ya biti 64 haina draiva zake, kwa hiyo tumia ya biti 32. Jambo la pili: kadi hizi hazimo kwenye lspci, basi usishtuke zisipoonekana. Matoleo ya baadaye hujitambulisha yenyewe. Yale yenye vijumpa, yaani vifuniko vidogo vya kuchagulia mipangilio kwenye kadi, yanataka uambie draiva kila kitu:

`sudo modprobe snd-sb16 isapnp=0 port=0x220 irq=5 dma8=1 dma16=5`

Namba hizo ndizo za kawaida za SB16, lakini vijumpa vya kadi yako ndivyo vyenye neno la mwisho. IRQ 5 (laini ambayo kadi huitumia kuiita prosesa) ikiwa imechukuliwa na kifaa kingine, nenda BIOS uitengee ISA. Kwa kaseti tu, sikushauri upitie njia hii kama una PCI mkononi. Kwa mtu anayependa mashine za zamani, inastahili jioni yake.

Kurekodi kaseti

Safisha kichwa cha deki kwanza kwa pamba na spiriti, na uisogeze kaseti mbele hadi mwisho kisha nyuma, ili utepe ulioshikana uachane. Kaseti iliyonusa ukungu isiwekwe kwenye deki nzuri kabla ya kusafishwa.

Waya utoke kwenye matundu ya nyuma ya deki, jekundu na jeupe, hadi tundu la bluu la kadi. Redio kaseti isiyo na matundu hayo itumie tundu la hedifoni, sauti ikiwa chini ya nusu. Deki na kompyuta zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Zikigawana soketi mbili tofauti, mara nyingi mvumo wa umeme wa hetzi 50 huingia kwenye rekodi na kuutoa baadaye huharibu sauti za chini za udi.

Fungua alsamixer, bonyeza F4 kwenda upande wa kurekodi. Simama kwenye Line, bonyeza Space ili iwe chanzo, kisha pandisha Capture taratibu. Funga Mic kabisa. Cheza sehemu yenye kishindo zaidi ya kaseti, mara nyingi pale ngoma na wapambe wanapoingia pamoja, huku ukitazama kipimo:

`arecord -D hw:0,0 -f dat -V stereo jaribio.wav`

Kipimo kikigonga 100, shusha. Sauti iliyokatwa kichwa haiponi, na iliyo chini kidogo huinuliwa baadaye bila madhara makubwa. Neno dat hapo lina maana ya stirio, biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde, kiwango ambacho Live! inakitumia ndani yake yenyewe.

Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 utachukua kama MB 520. Uache uende hadi mwisho bila kusimamisha kwa kila wimbo. Kukata ni kazi ya baadaye. Ukimaliza, bana bila kupoteza chochote:

`flac -8 upande-a.wav`

Hiyo FLAC ndiyo ya kuhifadhi, kwenye diski mbili zilizo nyumba tofauti. Ya kutuma kwa jamaa kwenye simu igeuze MP3 kutoka humo. Jina la faili liwe na mwimbaji, mahali na mwaka unaoujua, na picha ya jalada la kaseti iwekwe folda moja nalo, kwa sababu maandishi ya kalamu kwenye jalada nayo yanafifia.